Ziara Ambazo Hazikuchapishwa

Inspekta Selpher Okinyi aliweka karatasi mbili juu ya meza ya Muema, moja kando ya nyingine, akazinyoosha kwa kiganja. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi. Saa nane mchana muuguzi Jackie Wangari alitakiwa kusimama mahakamani kujibu shtaka la kumwacha mgonjwa wake akafa, na kila ukurasa wa faili ile ulikuwa na sahihi ya Selpher.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne katikati ya jiji, chumba kimoja chenye madawati mawili na kabati la dawa. Kutoka hapo wauguzi kumi na moja walitumwa kila siku kwenye nyumba za wagonjwa, katika mitaa ya Lavington, Karen na kwingineko. Muema ndiye aliyepanga nani aende wapi na saa ngapi. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi vizuri, macho mekundu.

"Nilidhani mambo ya karatasi tulimaliza Ijumaa, madam," alisema.

"Mimi pia nilidhani. Nisaidie kidogo tu." Selpher aligusa karatasi ya kushoto. "Hii nimeitoa kwenye simu ya Jackie. Ndiyo ratiba ya wiki jana, iliyorekebishwa, anayosema ulimtumia Jumatatu jioni. Mzee Jamleck Maina hayumo hata siku moja. Na hii ya kulia ulinichapishia wewe hapa, Ijumaa, baada ya Mzee kupatikana amekufa. Mzee Jamleck yumo kila siku, saa mbili asubuhi, sindano ya insulini."

"Ndiyo. Ndiyo maana mkamshika. Alifuta jina la Mzee kwenye ile ya simu."

"Hivyo ndivyo nilivyoandika." Selpher alisogeza kidole chini ya karatasi ya kulia. "Nisomee Jumanne."

Muema aliinama. "Jumanne, saa mbili, Mzee Jamleck, Karen, sindano ya asubuhi."

"Jumanne Janice, binti yake, alimpeleka kliniki ya macho. Sindano alimdunga mwenyewe. Kwenye taarifa yake anasema alipiga simu hapa Jumatatu, akaomba muuguzi asije kesho yake. Kitabu cha langoni kule Karen kinasema hivyo hivyo. Jumatatu Jackie ameandikwa, Jumanne ameandikwa Janice. Kama hii ndiyo ratiba uliyoituma Jumatatu jioni, Jumanne imo ya nini?"

Muema alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Labda nilisahau kuiondoa."

"Labda. Nionyeshe unavyoiondoa."

Aliwasha kompyuta. Selpher alivuta kiti, akakaa begani kwake. Siku ya Ijumaa alikuwa amesimama mlangoni na kutazama kutoka mbali. Muema alimwonyesha jina la Jackie kwenye kioo, Jumatano saa mbili, Karen, naye akaridhika. Leo alitaka kuona kila kitu kikibonyezwa.

Hakukuwa na picha wala vitufe vya rangi. Yalikuwa maandishi matupu, kama barua. Muema alieleza kwa sauti ya chini kwamba kila muuguzi alikuwa na faili lake. Mstari wenye nyota moja ulikuwa jina la mgonjwa. Chini yake mistari yenye nyota mbili ilikuwa ziara za mgonjwa huyo, kila moja na tarehe yake ndani ya mabano yenye ncha. Programu ilisoma tarehe hizo na kupanga ajenda ya wiki. Alibonyeza, na ajenda ikajitokeza, Jumatatu hadi Jumapili, kila ziara mahali pake.

"Hii ajenda inaonwa na nani?"

"Mimi peke yangu. Wauguzi hawana programu hii. Wao nawatolea hati ya kuchapisha, nawatumia kwa simu."

"Kwa hiyo wewe unaona ajenda, Jackie anaona hati. Vyote vinatoka kwa faili moja."

"Ndiyo."

"Na hati inaweza kukosa kitu ambacho ajenda inacho?"

Muema alitazama kibodi. Dirishani kelele za wachuuzi zilipanda kutoka barabarani. Selpher alisubiri. Alikuwa amejifunza kwamba mtu akinyamaza hivi, ni bora usimsaidie.

"Kuna neno," Muema alisema mwishowe. Alipanda hadi mstari wa kwanza kabisa wa faili. "Nimeandika hapa kwamba chochote kilichotiwa alama ya *ficha* kisitoke kwenye hati. Ni ya mambo ya ofisi. Namba za milango, magonjwa ambayo si ya kila mtu kujua. Pia ziara ikiahirishwa, naitia *ficha* badala ya kuifuta, ndiyo nibaki na kumbukumbu."

"Sioni *ficha* popote kwa Mzee Jamleck."

"Haiko."

"Tuone folda yenyewe."

Orodha ya majina ya faili ilitokea. Selpher aliisoma polepole, mstari kwa mstari, kama anavyosoma kitabu cha matukio kituoni. Karibu na faili la Jackie kulikuwa na jingine lenye jina lile lile, ila mwishoni lilikuwa na kialama kama wimbi dogo.

"Na hili lenye mkia?"

"Hiyo... hiyo si kitu, madam. Programu inajiwekea nakala. Ukifungua faili na kuhifadhi mara ya kwanza, inaacha vile ilivyokuwa kabla."

"Faili la Jackie lilihifadhiwa lini mara ya mwisho?"

Tarehe ilikuwa pale pale kwenye orodha. Ijumaa, saa nne na dakika tano. Selpher aliandika kwenye daftari lake. Janice alikuwa amepiga simu ofisini saa nne kasoro dakika kumi, akilia, baba yake amekufa. Selpher mwenyewe alifika saa nne na nusu.

"Fungua lenye mkia."

"Madam..."

"Fungua, Bwana Muema. Au niite mtu wa maabara alifungue, na wewe utajibu kwa nini ulikataa."

Alifungua. Lilikuwa faili lile lile. Nyota moja, Mzee Jamleck, Karen. Nyota mbili, ziara zake, Jumatatu hadi Jumapili. Lakini upande wa kulia wa mstari wenye nyota moja, mbali kidogo, katikati ya nukta pacha mbili, kulikuwa na neno *ficha*.

Selpher alitoa kifaa chake cha kuhifadhia data, akamtaka Muema anakili mafaili yote mawili. Kisha akamwambia atoe hati kutoka kwa nakala ya zamani. Mashine ya kuchapisha ilinguruma. Karatasi ilipotoka, aliiweka juu ya ile ya Jackie na kuziinua zote mbili dirishani. Mistari ilikaa juu ya mistari. Mama Hannah wa Karen saa nne, Bi Veronicah wa Lavington saa tisa. Mzee Jamleck hakuwemo hata siku moja.

Jackie hakufuta chochote. Alikuwa amesema hivyo mara tatu Jumamosi, na mara ya tatu Selpher alimkatiza.

"Ulitaka kuficha Jumanne peke yake," Selpher alisema.

Muema aliinua mikono juu ya kibodi. Alifuta lile neno kutoka mstari wa nyota moja, akashuka mistari miwili hadi ziara ya Jumanne, akaliandika hapo. Akachapisha tena. Mzee Jamleck alitokea Jumatatu, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumanne tu ndiyo haikuwepo.

"Ilikuwa hivyo tu," alisema. "Mistari miwili. Ukiweka alama kwa mgonjwa, kila kilicho chini yake kinafichika. Mimi ndiye niliyewafundisha watu wa hapa hiyo kitu. Jumatatu jioni nilikuwa nimesimama, begi begani, nikaiweka kwa mstari wa juu, nikatuma, nikaenda. Kwa ajenda yangu Mzee alikuwa yuko kila siku. Jumatano nilimwona. Alhamisi nilimwona. Nilijua Jackie yuko kwake."

"Na Ijumaa?"

"Janice alipopiga simu nilifungua faili nikaona ziara ziko. Nikasema asante Mungu, si sisi. Halafu nikatoa hati nihakikishe. Ikatoka bila Mzee. Nikalitafuta neno, nikalitoa. Sikuwaza. Ilichukua sekunde mbili. Halafu ukaingia wewe ukaniuliza kama Jackie alipangwa kwenda Karen, nikasema ndiyo. Si uongo, madam. Alikuwa amepangwa."

"Ulinipa karatasi."

"Nilikupa."

"Jumamosi ulijua tumemshika."

"Nilijua."

Selpher alifungua ukurasa mwingine wa daftari. Asubuhi hiyo, kabla ya kuja mjini, alikuwa amepitia kitabu cha wanaoleta chakula kituoni. Jina la Muema lilikuwemo mara mbili, Jumamosi jioni na Jumapili baada ya kanisa. Chapati na chai ya chupa. Afisa wa zamu alidhani ni ndugu wa Jackie.

"Ulimwambia nini ulipompelekea chai?"

"Nilimwambia ajipe moyo." Muema alifunika uso kwa mikono yote miwili. "Aliniuliza, Muema, si wewe ulinitumia ile ratiba? Si uwaambie? Nikamwambia nitaangalia."

Selpher aliita konstebo aliyekuwa akingoja kwenye ngazi. Walitia kompyuta kwenye mfuko wa ushahidi, wakafunga, wakatia sahihi. Muema alitembea katikati yao bila pingu. Alipofika mlangoni aligeuka kuzima taa, kama mtu anayefunga ofisi kila siku.

Kilichobaki kilikuwa uthibitisho wa Janice, kwamba aliomba siku moja na si zaidi. Selpher angeweza kumpigia simu. Badala yake alimwambia dereva apitie Lavington, nyumbani kwa Janice.

Nyumba ilikuwa nyuma ya ukuta mrefu wenye maua ya zambarau. Uani viti vya plastiki vilikuwa vimeshapangwa kwa ajili ya waombolezaji wa jioni. Janice alimpokea sebuleni, amevaa kitenge cheusi, simu tatu mezani mbele yake.

"Ni leo anaenda kortini, sivyo?" aliuliza kabla Selpher hajaketi. "Nitakuja. Nataka aniangalie machoni."

"Kwanza nisaidie na jambo moja. Jumatatu ulipopiga simu ofisini, ulisema nini hasa?"

"Nilisema kesho wasilete mtu, niko na Baba. Jumatano waendelee kama kawaida."

"Ulisema neno hilo, Jumatano?"

"Nililisema mara mbili. Bwana Muema akanirudishia maneno hayo. Kwa nini?"

Selpher alimweleza. Hakupamba, hakuficha. Janice alisikiliza akiwa ameshika mkono wa kiti, na kadiri Selpher alivyosonga mbele ndivyo alivyozidi kuketi wima.

"Kwa hiyo huyo msichana hakujua."

"Ratiba aliyopewa haikumtaja baba yako."

"Na mimi nimewaambia watu." Janice alitazama simu zake. "Nimeandika kwa kundi la familia. Nimeandika kwa kundi la kanisa, na jina lake, na picha yake. Watu mia tatu."

"Utawaandikia tena."

Janice alitikisa kichwa, lakini hakuonekana kukataa. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi. "Inspekta, kuna kitu sikuweka kwa taarifa yangu. Hukuniuliza, nami sikusema."

"Sema."

"Jumatano jioni nilimpigia Baba. Akaniambia, yule msichana hajaja leo. Macho yake yalikuwa yametiwa dawa na kufungwa bandeji, hangeweza kujidunga, na mpishi alikuwa ameenda matanga kwao. Nilikuwa kwa mkutano. Nikamwambia, Baba, pengine amechelewa, atakuja. Alhamisi nilimpigia mchana. Akasema amechoka, anataka maji tu, anataka kulala. Nikamwambia alale. Karen na hapa ni dakika ishirini. Nilikuwa na gari hapo nje."

Selpher alimpa karatasi. Janice aliandika ukurasa mmoja na nusu, akatia sahihi, akauliza kama jambo hilo lilikuwa kosa la jinai.

"Sitakudanganya," Selpher alisema. "Wakili wa serikali ndiye atakayeamua. Mimi sidhani."

"Ningependa ungesema ndiyo," Janice alisema.

Saa saba kasorobo Selpher alikuwa ofisini kwake kituoni. Alimpigia wakili wa serikali, akamsomea kwa simu yaliyopatikana, akaomba faili la Jackie lisipelekwe mahakamani. Wakili aliuliza swali moja tu: kwa nini hati hizo mbili hazikulinganishwa Jumamosi? Selpher alisema ataliandikia jibu. Kisha akaagiza Jackie aletwe.

Jackie alikuwa na miaka ishirini na sita, nywele zimefungwa kwa kitambaa cha kuazima. Viatu havikuwa na kamba. Mama yake alikuwa nje tangu asubuhi, amekuja kutoka Waithaka na sweta kwenye mfuko wa nailoni. Selpher alimwambia Jackie aketi. Akamweleza kila kitu, lile neno, ule mstari, Muema, na kwamba hakuna shtaka tena.

Alingoja alie au acheke. Jackie alitazama meza.

"Mimi ndiye niliyetia sahihi ukamatwe," Selpher alisema. "Uliniambia ukweli, sikukusikiliza. Nakuomba radhi."

"Sawa, Afande."

"Uko huru. Mama yako yuko hapo nje."

Jackie hakuinuka. Aliinamisha kichwa, akasukuma viatu vyake mbele na nyuma sakafuni.

"Mwambie yule soja anayelinda lango la Mzee kule Karen, Obuya, si makosa yake," alisema. "Atafikiria ni yeye. Haruhusiwi kuingia kwa nyumba asipoitwa. Alhamisi nilipita hapo langoni."

Selpher aliinua macho. "Ulipita lini?"

"Saa nne kasoro. Nilikuwa naenda kwa Mama Hannah, ni nyumba ya tatu kutoka hapo. Nilikuwa kwa bodaboda. Obuya akanipungia mkono, akapiga kelele, 'Leo umechelewa, daktari!' Nikampungia pia. Sikusimama."

"Hukuwa umepangwa kwenda kwa Mzee."

"Sikuwa." Jackie alivuta pumzi. "Lakini Jumatatu usiku nilipoona ratiba, niliona Mzee hayuko. Wiki nzima hayuko. Miezi saba nimemdunga kila siku. Afande, najua mtu kama huyo akikosa siku mbili inakuwaje. Tumefunzwa mwaka wa kwanza. Nilishika simu nimpigie Muema nimuulize, Mzee amehamishwa, amepewa mtu mwingine, ni nini? Namba ilikuwa imeshatokea kwa kioo."

"Na hukupiga."

"Asubuhi hiyo Mzee alikuwa ameniita mwizi. Miwani ilipotea, akasema ni mimi. Akanipekua mkoba mbele ya mpishi. Miwani ilikuwa kitandani kwake." Aliongea bila hasira, kama anayesoma. "Nikasema nikiuliza, watanirudisha kwake. Nikaweka simu chini. Nilifurahi, Afande. Nililala vizuri sana."

Koridoni mtu alikuwa akipiga muhuri, polepole, mara kwa mara.

"Hilo lina jina kwa sheria?" Jackie aliuliza.

"Hapana. Ulifuata ratiba uliyopewa."

"Basi liandike hata kama halina jina. Mmeandika yote niliyokataa. Andika na hili nililokubali."

Selpher angeweza kumwambia aende nyumbani, alale, asijitese. Aliyafikiria maneno hayo na kuona kwamba yangemfaa yeye zaidi kuliko Jackie. Alichukua kalamu. Aliandika alivyosema, saa nne kasoro, bodaboda, mkono uliopungwa, simu iliyowekwa chini, na neno *nilifurahi* aliliandika lilivyotamkwa. Alimsomea. Jackie alisahihisha mahali pamoja tu: si miezi saba, ni minane. Kisha akatia sahihi.

"Mazishi ni lini?"

"Alhamisi."

Jackie aliitikia kwa kichwa, kana kwamba amepewa ratiba. Afisa wa zamu alimletea kamba za viatu na mkoba wake. Alizifunga kamba akiwa amechuchumaa pale pale, polepole, kiatu kimoja halafu kingine, akatoka. Mlango ulipofunguka, Selpher alimsikia mama akiita jina la mwanawe mara moja, kwa sauti kubwa.

Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika ishirini. Mezani faili lilikuwa limejaa taarifa, ya Muema, ya Janice, ya Jackie, zote zimetiwa sahihi. Selpher alivuta karatasi nyingine safi kutoka kwenye droo. Kwenye nafasi ya jina la mtoa taarifa aliandika *Selpher Okinyi*, na chini yake, kwa mwandiko ule ule alioutumia kwa wengine, akaanza: *Siku ya Jumamosi nilikuwa na karatasi zote mbili mkononi.*